Kapigwa na Mtu Ambaye Nyumbani Hajulikani

Mpunga unapoanza kukomaa katika bonde la Kilombero, wazazi wengi wa Katindiuka na kata nyingine za Ifakara huhamia shambani kuamia ndege, na mjini hubaki wanaosoma. Nyumba huachiwa binti wa kidato cha tatu na wadogo zake, pamoja na mchele na hela ya mboga isiyofika mwisho wa wiki. Wenzake waliotoka vijiji vya mbali wamepangishiwa vyumba karibu na shule. Wanapika wenyewe, wanafunga mlango wenyewe. Chumba cha namna hiyo vijana wanakiita geto. Mwenye nyumba anachojua ni siku ya kodi. Nani kaingia usiku na katoka saa ngapi, hilo halimhusu.

Mapenzi mengi ya umri huu huanzia humo, na baadhi yake yana makofi, vitisho na kulazimishana. Binti anayepigwa humo ana siri mbili. Ya kwanza ni kwamba ana mpenzi, jambo ambalo nyumbani likijulikana yeye ndiye atakayechapwa, na shuleni likijulikana ataitwa ofisini. Ya pili ni kwamba mpenzi huyo anampiga. Hawezi kuitoa ya pili bila kuitoa ya kwanza, kwa hiyo anazikalia zote. Anayempiga analijua hilo vizuri na mara nyingi ndiyo silaha yake: "Nenda kaseme, uone nani ataulizwa kwanza."

Kwa maoni yangu, ushauri mwingi kuhusu ukatili kati ya wapenzi vijana, hata ule mzuri wa kisheria, unakwama hapo. Ndiyo maana makala hii inamlenga kwanza mtu mzima atakayekuwa wa kwanza kusikia: mama, shangazi, mwalimu wa malezi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, jirani, mwenye nyumba. Binti mwenyewe na kijana anayempiga nao wana sehemu zao.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mume au mpenzi, asilimia 24, karibu robo, walikwishapigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenzi huyo. Hao ni karibu milioni 19. Miaka kumi nyuma yake, mwaka 2014, ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wasichana wa umri huohuo katika mitaa maskini ya miji mitano: Baltimore, Delhi, Ibadan, Johannesburg na Shanghai. Walioumizwa na wenzi wao ndani ya mwaka mmoja uliotangulia walikuwa kama mmoja kati ya kumi Shanghai, lakini Johannesburg walizidi mmoja kati ya watatu. Umri ni uleule na umaskini upo kote, ila hesabu inapishana zaidi ya mara tatu. Wanaosema kwamba vijana wakipendana lazima wapigane, kwamba ni damu inachemka, hawana jibu kwa tofauti hiyo.

Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, wa kike na wa kiume. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na karibu mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Vipigo vya kawaida viliwapata karibu robo tatu ya wote. Kisha utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2015/16 ukakuta asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wanakubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, kama kuunguza chakula au kutoka bila kumwambia. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Mtoto anayekulia katika nyumba hizo anafika kidato cha pili akiwa ameshafundishwa kwamba kofi lina mahali pake ndani ya mapenzi. Hakufundishwa na simu, wala na sinema za Kikorea.

Kabla ya kofi kuna vocha

Mara chache mambo haya huanza na kipigo. Huanza na vocha, chipsi, lifti ya bodaboda wakati wa mvua, hela ya kusagia, taulo za kike ambazo mama alisahau kuziweka kwenye bajeti. Wakati wa mavuno vijana wanaobeba magunia, wanaoendesha boda na wanaouza mpunga wana pesa mkononi, na binti wa geto hana. Hakuna ubaya kupewa zawadi. Ubaya unaanza siku zawadi inapogeuzwa deni: "Nimekugharimia, unanikataliaje?" Watafiti waliozungumza na vijana wa Dar es Salaam wa miaka 16 hadi 24, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2004, waliona kwamba ugomvi mwingi uliofika kwenye vipigo ulichochewa na tuhuma za kuchepuka, na kwamba vijana wa kiume walieleza waziwazi mazingira ambayo wao waliona kumlazimisha msichana si kosa. Ifakara si Dar es Salaam, lakini lugha ya deni hilo ni ileile.

Baada ya deni inakuja simu. Anataka neno la siri. Anataka kila jina lililohifadhiwa lielezwe. Anapiga usiku ili asikie kama kuna sauti nyingine. Anakataza urafiki na fulani, anakataza suketi fulani, anamsubiri nje ya geti la shule na marafiki wanamwonea wivu binti kwa kupendwa namna ile. Wivu ndiyo mapenzi, wanasema. Mimi nasema umtazame anavyoishi huyo binti. Akipokea simu anatoka nje na kurudi kanyong'onyea. Ameacha kwenda kwaya. Amepungukiwa marafiki mmoja mmoja. Amevaa sweta jua la saa nane, na bonde lile lina joto. Darasani anasinzia kwa sababu alikuwa akijibu ujumbe hadi usiku wa manane. Kila kimoja kina maelezo yake mengine. Vikija vitatu kwa pamoja, kaa naye.

Kuna pia wale ambao wameshahama nyumbani: wana miaka 16 au 17, wameacha shule, wanakaa na kijana katika chumba kimoja bila mahari wala ndugu kujulishwa. Mtaani wanaita sogea tuishi. Hawa wako pabaya kuliko wanafunzi, kwa sababu hakuna mwalimu anayewaona kila asubuhi na wenyeji wanawachukulia kuwa mke na mume, kwamba ugomvi wao hauingiliwi. Jirani wa chumba cha pili anasikia kila kitu kupitia dari lisilokuwepo. Ukiwa wewe ndiye jirani, kugonga mlango na kuomba kiberiti ni msaada mkubwa kuliko unavyofikiri: mara nyingi mkono uliokuwa juu hushuka. Ukisikia silaha au mtu anakabwa, usiingie peke yako. Piga 112, ita majirani.

Swali la kwanza

Sasa binti amesema, au umeona jicho limevimba. Maswali yanayokuja mdomoni kwanza karibu yote ni mabaya. "Ulifuata nini kwake?" "Tangu lini una mwanaume?" "Nimekusomesha kwa jasho la mpunga, ndiyo malipo haya?" Uchungu wa mzazi unaeleweka, na mazungumzo kuhusu mpenzi yatakuwa na siku yake. Yakianza leo, anachojifunza mtoto ni kwamba kusema kunaumiza kuliko kupigwa, na siku atakapovunjwa mkono atakwambia ameanguka kisimani.

Anza hivi, kwa sauti ya kawaida: "Pole, mwanangu. Umeumia wapi?" Halafu: "Sasa hivi yuko wapi? Anajua uko hapa?" Halafu: "Imetokea lini?" Hayo matatu yanakupa unachohitaji kwanza, yaani jeraha, hatari na saa. Mwambie kwamba kupigwa si kosa lake, hata kama alidanganya kuwa anaenda kujisomea. Usimuulize mbele ya baba, kaka na wajomba wamekaa mstari. Usimpeleke kwa kijana "wakae waelewane". Usimpokonye simu, maana humo ndimo ushahidi ulimo, na humo ndimo rafiki anayemwamini anapatikana.

Jambo moja linahitaji ukweli. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuitaarifu mamlaka ya serikali ya mtaa. Mwambie hivi: "Sitamtangazia mtu, lakini kuna watu wawili wa kutusaidia ambao lazima wajue, na nitakwambia ni akina nani kabla sijaenda." Mtoto anayejua nini kinafuata haogopi sana. Aliye na miaka 18 au 19 ni mtu mzima kisheria; huyo shauri ni lake, wewe unamsindikiza.

Kama aliyekuja ni mvulana, mwamini vilevile. Wapo wanaopigwa, wapo wanaotishwa na wanawake wakubwa waliowalipia ada au kodi ya chumba, na wengi hawasemi kwa sababu watachekwa.

Saa 72

Ukatili ukiwa wa kingono, saa zinahesabiwa. Dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya tukio hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo bora. Hunywewa kwa siku 28 mfululizo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku tano, navyo pia saa za mwanzo ndizo zenye nguvu. Kuna dawa za magonjwa mengine ya zinaa, na chanjo ya pepopunda kama kuna jeraha. Kwa hiyo ikitokea Ijumaa usiku, usiseme Jumatatu. Kwa wakazi wa Katindiuka, Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko iko hapohapo mjini Ifakara, na Kituo cha Afya Kibaoni nacho kiko karibu. Kuhusu kipimo chenyewe cha virusi, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kuridhia kupimwa bila kibali cha mzazi.

Asioge, asifue, asibadilishe nguo kabla ya kuonwa na daktari kama inawezekana. Akiwa ameshabadilisha, nguo zile ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa gazeti. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Na kama ameshaoga, aende vivyo hivyo, kwa sababu dawa haziangalii kuoga.

Fomu ya PF3, ile anayojaza daktari na kurudishwa polisi, hutolewa kituoni na haiuzwi. Watu wengi wanaamini hospitali haimgusi majeruhi bila fomu hiyo, na imani hiyo imepoteza saa za watu. Mwenye hali ya dharura hutibiwa kwanza, fomu hufuata. Msiporidhika na jibu la mapokezi, ombeni kumwona muuguzi wa zamu au afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Niongeze kitu ambacho huku kwetu hakizungumzwi inavyopasa: kukabwa koo. Binti atasema "alinishika tu shingo" kwa sababu hakuna damu. Sauti ikikauka, kumeza kukimuuma, macho yakiwa na vitone vyekundu, akiwa alijikojolea au alipoteza fahamu hata kwa sekunde chache, apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama shingo haina alama. Uvimbe wa ndani huweza kuziba njia ya hewa baadaye. Tafiti za Marekani kuhusu wanawake waliouawa na wenzi wao zilikuta kwamba aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yuko katika hatari kubwa mara kadhaa ya kuja kuuawa na mtu huyohuyo. Mkono ukishafika shingoni, mambo ya kusuluhishana yamekwisha.

Kumalizana

Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Wazazi wa kijana wanakuja jioni wakiwa na mzee wa heshima. Wanaongea vizuri. Wanataja hela ya matibabu, pengine magunia kadhaa ya mpunga, pengine kumwoa binti kabisa ili aibu ifunikwe. Baba wa binti ana deni la pembejeo. Asubuhi mambo yamekwisha, na hakuna aliyemwuliza binti.

Kisheria, Kanuni ya Adhabu inasema kufanya ngono na msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama alikubali, na adhabu kwa mtu mzima haipungui miaka 30 jela. Mvulana ambaye naye hajavuka utoto huhukumiwa kwa namna nyingine, na shauri lake linatakiwa kuendeshwa kwa taratibu za watoto. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalifanya kumwoa mwanafunzi au kumpa mimba kuwa kosa lenye kifungo cha miaka 30. Ndoa nayo haiponyeshi. Vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 14 au 15 vilitamkwa na Mahakama Kuu kuwa vinapingana na Katiba, katika shauri la Rebeca Gyumi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 2019. Sheria hiyohiyo ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kwa hiyo hata huyo anayesema "ni mke wangu" hana pa kusimamia.

Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, shehe, mchungaji na wazee wa ukoo hawana mamlaka ya kumaliza kesi ya ubakaji au ya kumjeruhi mtoto. Wanayo kazi nyingine, nzuri zaidi: kuandika barua, kusindikiza, kuhakikisha binti analala mahali salama. Mtendaji anayeandika makubaliano ya fidia kwa karatasi yenye mhuri anajiwekea ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Nakiri sheria hizi kali zina upande wake mgumu. Miaka 30 inawatisha watu kiasi kwamba familia nzima inaungana kuficha, na kijana aliyesikia "mimba" huweza kumlazimisha binti anywe dawa za kuitoa, au kumpiga tumboni. Anayetokwa damu nyingi, mwenye homa au maumivu makali ya tumbo apelekwe hospitali mara moja, maelezo baadaye. Aliyebaki na mimba masomo yake hayajaishia hapo: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za kawaida, na mwalimu mkuu anayesema vinginevyo anatumia kanuni ya zamani.

Kwa binti: kuachana salama

Huenda hutaki kwenda polisi leo. Huenda bado unampenda. Soma sehemu hii hata hivyo, kwa sababu siku za kuachana ndizo zenye hatari kuliko siku nyingine zote.

Usiende kwenye "mazungumzo ya mwisho" getoni kwake. Kama ni lazima muonane, iwe mchana, mahali penye watu, stendi au sokoni, na rafiki yako awe pale pale akikuona. Simu aliyokununulia usiirudishe mwenyewe. Mpe mtu mzima airudishe, na kabla ya hapo toa laini yako, hamisha namba na ujumbe wa vitisho, badilisha maneno ya siri ya akaunti zako kwa kutumia simu nyingine. Hela ya kiasi fulani, kitambulisho cha shule na kadi ya kliniki viwe kwa shangazi au rafiki. Mkubaliane na rafiki neno moja la kawaida, kama "niletee daftari la jiografia", ambalo ukilituma maana yake aje na mtu mzima. Badilisha njia ya kwenda shule kwa wiki kadhaa, mtembee wawili. Wapo bodaboda wanaoaminika kijiweni. Mzazi achague mmoja na namba yake ijulikane nyumbani.

Akitishia kusambaza picha zako za utupu, usimlipe na usirudi kwake ili azifute, maana hatazifuta. Piga picha ya kioo cha simu ujumbe wenyewe ukiwa na namba na tarehe, kisha usiufute. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kumtesa au kumtisha, na picha za ngono za aliye chini ya miaka 18 ni kosa kuzisambaza hata kama alizipiga mwenyewe. Hilo linawahusu pia mashangazi: picha ikikufikia, usiitume kwenye kundi la ukoo kuuliza kama ndiye.

Kwa kijana

Ulimpiga. Ukaomba msamaha, ukalia, ukampa hela ya kusuka. Baada ya wiki mbili ukampiga tena. Pombe na bangi zinaongeza, lakini jiulize kwa nini ukilewa humpigi mwenye boda anayekudai hesabu. Unachagua. Hiyo ni habari njema, maana anayechagua anaweza kuchagua vingine. Mkono ukiwasha toka nje ya chumba, tembea, mpigie mtu mmoja ambaye hatakusifia. Usidai neno la siri la simu yake. Kama umemgharimia na amekukataa, hela imeenda, hakuna deni. Na kama ana miaka 15 au 16 nawe una 22, hakuna mapenzi ya kuyatengeneza hapo, kuna kesi.

Marafiki wana nguvu kuliko mabango. Kampala, mpango wa SASA! ulioanzishwa na shirika la Raising Voices uliwatumia watu wa kawaida wa mtaa, wanaume kwa wanawake, kuzungumza na wenzao kuhusu nguvu na matumizi yake, vijiweni, saluni, sokoni, kwa miaka kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta vipigo vya wenzi katika mwaka uliotangulia vimepungua kwa kadiri ya asilimia 52 katika mitaa iliyofikiwa, ikilinganishwa na isiyofikiwa. Sisi tunazo Siku 16 za kupinga ukatili, 25 Novemba hadi 10 Desemba, na maandamano na fulana. Siku hizo huangukia wakati shule zinafungwa na wakulima wa bonde wanahangaika na mashamba. Ningekuwa na sauti halmashauri, ningesogeza nguvu kubwa hadi miezi ya kuamia ndege, wakati mageto yamejaa na wazazi hawapo. Na kila kundi la nyumba kumi lingekuwa na mama mmoja anayejulikana, anayepita jioni kuona nani amepika na nani hakupika.

Mlango upi

Mtoto mwenyewe, au mtu yeyote kwa niaba yake, anaweza kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo. Wanaopokea wamefundishwa kusikiliza na huwasiliana na maafisa ustawi wa jamii wa eneo husika. Kwa aliye katika hatari saa hiyo ni 112. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Ukifika kituoni ulizia dawati hilo moja kwa moja, usianze kusimulia kaunta mbele ya watu, na unaweza kuomba askari wa kike. Afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii wanapatikana kupitia ofisi ya kata au halmashauri ya mji. Chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ambao awamu yake ya pili ilizinduliwa mwaka 2024, kata zinatakiwa kuwa na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto. Muulize mtendaji wenu nani ni wajumbe na walikutana lini mara ya mwisho. Kwa asiye na hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao ni bure.

Nenda wawili, wewe na binti, na mtu wa tatu kama yupo. Ukishatoa maelezo omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu katika kitabu cha polisi, na jina la askari aliyepokea. Ukiambiwa "rudini mkamalizane nyumbani", usigombane kaunta. Omba kumwona mkuu wa kituo, ukishindwa hapo nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na siku hiyohiyo mjulishe ustawi wa jamii ili kuwe na ofisi mbili zinazojua. Andika kwenye daftari tarehe, ofisi, jina na ulichojibiwa. Daftari hilo, pamoja na nakala ya PF3, likae kwa mtu mwingine nje ya geto.